Shati la Mtu Asiyekuwepo

Hakuna anayeijua hadithi hii vizuri kunishinda mimi. Zile sehemu nisizozijua nimezijaza mwenyewe, na nadhani ndizo zilizotoka vizuri zaidi.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaani walimwita Sikio, maana hakuna neno lililompita. Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani. Kila siku akitoka shule alivua viatu mlangoni mwa duka la shangazi, akachukua sumaku na kupita nayo sakafuni kuokota pini. Kisha aliketi chini ya meza ya kukatia vitambaa, akafumua mishono iliyokosewa. Wateja walimsahau kama mtu anavyosahau kiti.

Wateja walipimwa nyuma ya pazia. Sijui utepe wa kupimia una nini; mtu akizungushiwa kiunoni, mdomo unafunguka wenyewe. Shangazi aliitikia "mm" tu, maana pini alizibana kwa midomo. Pengine alizibana kusudi.

Mteja mmoja alikuwa Mama Mayai, aliyefuga kuku na kuuza mayai. Mumewe alikuwa amekwenda zake bila kuaga, na majirani hawakujua.

"Nimewaambia ni mlinzi, usiku yuko kazini, mchana analala," alimnong'oneza shangazi. "Wezi wakijua niko peke yangu, fundi, banda langu litabaki manyoya."

Basi shangazi alimshonea mashati ya kiume kwa mabaki ya vitambaa, akasugua kola kwa jiwe zionekane zimevaliwa. Mama Mayai aliyafua na kuyaanika uani. Mpita njia akiyaona alijua mwenye nyumba yupo.

Wakati huo shule ilitangaza mashindano ya kuandika hadithi. Mtunzi wa vitabu alialikwa kuzungumza na wanafunzi. Mmoja akamuuliza, "Bibi, hadithi unazitoa wapi?"

"Haziteremki kutoka angani," mtunzi alijibu. "Ziko sokoni, ziko kwenye foleni ya maji. Sikilizeni, okoteni. Halafu kaeni chini mgeuze, mgeuze tena, mpaka mwenyewe akisoma asijitambue."

Sikio alisikia "okoteni" akainama kuandika. Yaliyofuata hayakumfikia. Siku hiyo moja sikio lake lilipumzika, na likachagua pabaya pa kupumzikia.

Hadithi yake ilishinda. Ilihusu mwanamke muuza maziwa aliyeanika mashati ya mume aliyemkimbia. Maziwa badala ya mayai: hayo ndiyo mageuzi yote aliyofanya. Mwalimu aliisoma mbele ya wazazi, watu wakacheka, kisha ikabandikwa ukutani karibu na geti. Sikio alipita hapo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wiki haikuisha, banda la Mama Mayai likavunjwa. Hakubaki hata jogoo. Naye Mama Mayai aliacha kuja dukani, na wateja wengine wakawa wanapimwa kimya, kama wanapimiwa jeneza.

Shangazi alizima cherehani. "Hebu toka huko chini. Hadithi yako umeitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, shangazi."

"Yote?"

"Yote. Hata mwalimu amesema nina kipaji cha kubuni."

"Na kola iliyosuguliwa kwa jiwe?"

Sikio akatazama sakafu, lakini pini zote alikuwa amekwisha kuziokota.

"Jiwe hilo tulilijua wawili," shangazi alisema. "Kumbe tulikuwa watatu. Sasa nisikilize, maana wewe na kuandika najua hamtaachana. Mabaki yanayoanguka chini ya meza hii ni yako. Yaokote, yaunge upendavyo, hakuna atakayekudai. Lakini wewe hukuokota mabaki. Umemkata mtu nguo akiwa ameivaa, tena mbele za watu."

"Sikumtaja jina, shangazi."

"Mwizi naye hakuhitaji jina."

Jioni walikwenda kwa Mama Mayai pamoja na seremala, aliyebeba komeo jipya la chuma. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Sikio alipiga magoti.

"Nisamehe, mama."

Mama Mayai hakumwinua. "Nilikuwepo ikisomwa," alisema. "Umeandika vizuri. Pale shati linapopeperuka na jirani analisalimia, nilicheka na mimi. Nikacheka kabla sijajua ni langu."

Sikio alitamani mama huyo amtukane, ingekuwa nafuu.

"Nikibandua ile ya ukutani na kuandika nyingine?"

"Andika. Kuku hawasomi, hawatarudi." Akaokota unyoya chini. "Mtunzi akiona kitu cha mtu, kwanza ajiulize nani atalala vibaya kikitoka nje. Ukishajua hilo, andika mpaka wino ukauke."

Ndipo jirani wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta, shingo mbele, macho yakicheka.

"Shikamooni huko. Eti Mama Mayai, haya yanayosomwa shuleni ni kweli? Humo ndani hamna mwanamume?"

Mama Mayai aliitazama kamba tupu ya nguo. Shangazi, safari hii, hakuwa na pini midomoni, lakini naye aliitazama kamba hiyo hiyo. Sikio aliona nafasi ya kulipa deni lake lote mara moja. Akasimama, akapangusa magoti.

"Ile nilitunga tu," alisema. "Baba yupo. Amelala hapo kitandani, katoka kazini amechoka. Hata sasa hivi nimemsikia akikoroma."

"Anakoroma?"

"Sana. Na jana alikuwa amevaa lile shati la mistari."

Jirani alinyoosha shingo kupita kichwa cha Sikio, akatazama kwa raha kama mtu aliye dukani. Sikio aligeuka kufuata macho yake. Seremala alikuwa ameung'oa mlango ili auwekee komeo, na ameulaza chini uani. Chumba chote kilikuwa wazi: kitanda kimoja kilichotandikwa, mto mmoja, ukuta.

"Mwanangu," jirani alisema, "mwambie baba yako huyo akoromee upande huu, ili na mimi nimwone."