Chapuchapu na Sekunde Tisini

Kila alasiri, baada ya kazi za shule, Chapuchapu alifanya mauaji. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa aliosha vyombo vikabaki na povu. Kompyuta mpakato ya nyumbani, iliyotumia mfumo wa Linux, ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiiamuru izime, iliandika kwamba kuna kazi haijakamilika, kisha ikahesabu sekunde tisini. Chapuchapu hakuwa nazo. Wenzake walimngoja kuruka kamba. Alikibana kitufe cha kuwashia mpaka kioo kikawa cheusi. Marehemu hakulalamika.

Jumamosi moja kompyuta ilikataa kuwaka. Ilitoa mistari ya maandishi, ikajizima, ikajiwasha, ikarudia yaleyale.

Mama aliichomoa kwenye umeme, akaichomeka tena; bure. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya baba, aliyezikwa miezi minne iliyopita: rekodi ishirini na sita alizowasemea kutoka kitandani. Nakala nyingine haikuwapo.

"Uliizima vizuri jana?"

"Vizuri kabisa, mama." Uongo ulimtoka laini kama mafuta.

Wakaipeleka kwa fundi wa kompyuta, nyuma ya duka la dawa. Naye akauliza lilelile, akajibiwa lilelile.

"Basi diski imechakaa yenyewe," alisema fundi. "Dada, nitafuta kila kitu niweke mfumo upya. Vilivyomo, poleni."

Mama aliitikia kwa kichwa, macho ukutani. Fundi akachomeka flashi, kidole kikaelekea kitufe.

"Mjomba, usifute!" Chapuchapu alipiga kelele. "Ni mimi! Huwa naizima kwa nguvu."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili. Jumapili tunakwenda kwa bibi."

Fundi hakucheka. "Kumbe! Huenda diski ni nzima, mafaili ndiyo yamevurugika."

Aliwasha mfumo kutoka kwenye flashi, akaamuru diski ikaguliwe na kurekebishwa. Walingoja nusu saa. Kisha akafungua kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia.

"Tazameni. Kila ikizimwa, programu ya kunakili inasubiri diski ya nje."

"Ile ilianguka ikavunjika zamani," mama alisema.

"Basi ilikuwa inamsubiri asiyerudi." Fundi akaisimamisha programu hiyo. Kompyuta ikazima kwa sekunde nne, ikawaka bila kinyongo.

Rekodi zilihesabiwa. Ishirini na tano.

"Na ya mwisho?" mama aliuliza.

"Imeharibika, dada. Nimejaribu."

Chapuchapu aliangua kilio. Mama alimwacha alie kwanza, kisha akamvuta ubavuni.

"Kwa pupa yako umepoteza moja, mwanangu. Kwa uongo wako tungepoteza zote. Ukikosea, sema papo hapo, kungali na cha kuokoa."

Akabonyeza rekodi ya kwanza. Fundi akatoka nje, akawafungia mlango polepole.