Heda Zisizokufa za Port Lannich

Nyumba ya Effie na Torquil MacAskill ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba sita za Port Lannich, kijiji kidogo kwenye pwani ya kaskazini ya Uskoti. Kila asubuhi Effie alipika uji, akautia chumvi, kisha akaita.

"Mzee, uji tayari."

"Nakuja," Torquil alijibu. Lakini hakuja. Effie alichukua bakuli akampelekea sebuleni. Alimkuta amekaa na fimbo yake mapajani, kimya kama mgeni anayesubiri kuambiwa aondoke.

Torquil alikuwa mchungaji wa kondoo. Miaka arobaini na moja aliishi milimani, mbali na bahari. Kisha siku moja aliteleza kwenye mawe, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini daktari alisema asikae tena mbali na zahanati. Ndiyo maana walihamia Port Lannich. Daktari alisema na jambo la pili: Torquil atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa.

"Toka nje kidogo," Effie alimwambia. "Nenda hata mpaka getini."

"Nikaone nini? Hakuna hata heda."

Heda ni kichaka kifupi cha milimani, hakizidi goti la mtu. Majani yake ni madogo kama punje za mchele. Kule walikotoka, heda zilitanda kila mahali. Ukifika mwezi wa Agosti, milima yote iligeuka zambarau, na nyuki walikuja kwa maelfu. Port Lannich kulikuwa na nyasi, mchanga na upepo.

Effie akawaza. Mzee hawezi kwenda kwenye heda. Basi heda zije kwake.

Akamwomba ruhusa msimamizi wa shamba la zamani. Akapanda basi, akaenda mlimani, akachimba heda sita. Akazipanda mbele ya nyumba. Akazitilia samadi ya kondoo kwa wingi, maana alitaka zipate kula, zishibe. Effie alikuwa mpishi wa shule miaka thelathini. Kwake yeye, kila kiumbe kinachonyong'onyea kina njaa.

Baada ya wiki tatu majani yakawa ya manjano. Baada ya wiki sita yakawa ya kahawia. Zote sita zikafa.

Effie hakuelewa. Mlimani hakuna anayezitilia samadi. Hakuna anayezimwagilia. Zinapigwa na baridi na kuliwa na kondoo, na bado zinaishi. Hapa amezitunza kama watoto wachanga, nazo zinakufa.

Akaenda dukani mjini. Akakuta heda za kupendeza ajabu, zina maua ya buluu. Akanunua tatu, akazipanda. Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi maji ya buluu yalikuwa yanatiririka mpaka mlangoni, na heda zimebaki nyeupe. Kumbe zilikuwa zimepakwa rangi.

Torquil alichungulia mlangoni. "Mke wangu," alisema, "umenunua maua au umenunua nguo?"

Effie alicheka, ingawa alitaka kulia. Hata hizo tatu hazikumaliza mwezi.

Mara ya tatu alinunua heda moja tu, yenye afya. Safari hii aliiongezea samadi na maji mengi. Ikafa upesi kuliko zote. Effie akasimama juu yake na koleo mkononi. Kichwa kilimzunguka. Akipanda za mlimani, zinakufa. Akipanda za dukani, zinakufa. Akiongeza chakula, ndio kwanza zinaharakisha kufa. Sasa afanye nini?

"Iache," Torquil alisema kutoka ndani. "Hiyo si ya huku. Kama mimi."

Kisha akasema neno lililomkata Effie maini.

"Mwezi wa Aprili narudi mlimani. Ile nyumba bado tupu, nimeuliza. Wewe baki hapa karibu na daktari. Mimi nitakaa peke yangu."

"Ukianguka, nani atakuinua?"

"Nitajiinua."

"Ulijiinua mara ile?"

Effie alimjua mumewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema jambo, amesema.

Ilikuwa Januari. Kulikuwa na theluji nyembamba njiani. Effie alikuwa anarudi kutoka dukani na mkate kwapani. Alipofika kwenye nyumba ya kwanza ya safu yao, alisimama ghafla.

Mbele ya nyumba ile kulikuwa na heda. Zilikuwa zimechanua maua ya waridi, na theluji imezizunguka pande zote.

Effie alifumba macho akafumbua. Heda huchanua Agosti. Hilo hata mtoto analijua. Heda gani inachanua Januari? Au nazo zimepakwa rangi? Au ni za plastiki? Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akainama, akanyoosha mkono juu ya ukuta mfupi, akafinya ua moja.

"Ukimaliza kuzifinya, jirani, nibakizie na mimi," sauti ilisema.

Effie alishtuka mpaka mkate ukamdondoka. Mwanamke mfupi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu vya mpira na sweta la kiume. Alikuwa Ishbel Geddes. Alihamia hapo msimu wa vuli, na Effie alikuwa hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

"Nisamehe," Effie alisema. "Nilidhani si maua ya kweli."

"Ni ya kweli. Unayapenda?"

Effie alitaka kusema ndiyo, kisha aende zake. Badala yake alijikuta anasema yote, papo hapo kwenye theluji: nyonga, samadi, maji ya buluu, Aprili. Ishbel alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche maisha yangu yote," alisema. "Heda zako hazikufa kwa uzembe. Zimekufa kwa sababu hukujua ni heda gani na udongo gani. Una siki nyumbani?"

"Siki? Ninayo. Ya kutilia samaki."

"Basi twende."

Effie hakuelewa siki inaingiaje kwenye habari hii. Lakini alikuwa ameshachoka kutoelewa peke yake. Afadhali asielewe akiwa na mwenzake.

Walipofika, Ishbel alisogeza theluji kwa kiatu, akachimba udongo kidogo wa bustani ya Effie, akautia kwenye sahani. Kwenye sahani ya pili alitia udongo mweusi kutoka kwenye mfuko aliokuja nao. Torquil aliona watu wawili wameinamia sahani nje kwenye baridi. Akatoka na fimbo yake.

"Mnapika nini?" aliuliza.

"Sogea uone, mzee," Ishbel alisema. Akamimina siki kwenye udongo mweusi. Hakukutokea kitu. Akamimina siki kwenye udongo wa bustani. Udongo ukachemka, ukatoa povu na mlio kama wa mafuta kwenye kikaango.

Torquil aliinama. "Una nini huo?"

"Una chokaa. Huu mchanga wa pwani ni makombe yaliyosagika. Bahari imeyasaga miaka na miaka, upepo ukayaleta. Makombe ni chokaa. Heda ya mlimani haitaki chokaa kabisa. Ikikaa humu inashindwa kula chuma kilichomo udongoni, majani yanageuka manjano, inakufa na njaa katikati ya chakula."

"Mimi nikaiongezea samadi," Effie alisema polepole.

"Nayo haitaki samadi. Imezoea udongo maskini. Ukiishibisha unaiua. Halafu, zile ulizozing'oa mlimani, mizizi yake ni myembamba kama nywele. Ikikatika haiungi. Heda ya mwituni iache ilipo. Panda mche uliokuzwa kwenye chungu."

"Lakini zako?" Effie aliuliza. "Mchanga wako si ndio huu huu?"

"Ndio huu huu. Zangu ni aina nyingine. Ziko heda nyingi, jirani. Zikumbuke kwa makundi mawili tu. Kundi la kwanza ni heda za kiangazi, ndizo za mlimani kwenu. Hizo zinataka udongo mchachu, usio na chokaa. Kundi la pili ni heda za baridi. Hizo zinaanza kuchanua Novemba au Desemba mpaka majira ya kuchipua, na zinavumilia chokaa."

"Kwa hiyo za kiangazi hazitaki chokaa," Effie alisema. "Za baridi... hazitaki baridi?"

"Zinavumilia chokaa."

"Na baridi?"

"Na baridi pia."

"Basi mbona zisiitwe heda za kuvumilia?"

Torquil alikohoa. Effie alimtazama. Alikuwa anaficha kicheko.

"Kwa hiyo zetu za mlimani hatuwezi kuwa nazo hapa," Torquil alisema, uso ukarudi kuwa mzito.

"Nani kasema? Ardhini hapana. Lakini kwenye chungu kikubwa utatia udongo wako mwenyewe. Huu mchachu unauzwa kwa mifuko, wameandika kwamba ni wa mimea isiyopenda chokaa. Chungu kiwe na matundu chini, maana heda haipendi kukaa majini. Utakinga maji ya mvua kwenye pipa, ndiyo ya kumwagilia. Na kiwe juani, si kivulini."

Mwezi wa Machi, baridi ilipolegea, wakaanza. Walienda wote watatu kwenye kitalu kwa gari la Ishbel. Effie alikuwa na karatasi, ameandika "kiangazi" upande mmoja na "baridi" upande wa pili. Hata hivyo alichanganyikiwa. Miche ilikuwa mamia, yenye majani ya kijani, ya dhahabu, mengine mekundu kama makaa. Alikamata mche uliojaa maua.

"Usichague kwa maua," Ishbel alimwambia. "Maua ya leo yatakwisha. Soma kibao: inachanua lini, inataka udongo gani, itafika ukubwa gani. Halafu tazama shina. Chagua mche mfupi uliojaa matawi, usichague mrefu uliokonda. Na ukisugua ua likakuachia rangi kidoleni, rudisha."

Walichukua miche tisa ya baridi kwa ajili ya ardhini, na mitano ya kiangazi kwa ajili ya vyungu. Nyumbani Effie aling'oa magugu, akachimba. Ishbel alimwonyesha kupanda kwa kina, mpaka majani ya chini yaguse udongo, na kuacha nafasi kama hatua moja fupi kati ya mche na mche. Torquil alikaa kwenye kiti nje, akatoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Aprili ilifika. Effie hakuuliza kitu. Kila asubuhi alitazama nyuma ya mlango, kuona kama kuna mfuko wa safari uliofungwa.

Mwisho wa mwezi, heda za baridi zilimaliza kuchanua. Ishbel alikuja na mkasi.

"Sasa tunazipunguza," alisema. "Kila mwaka, mara tu maua yanapokwisha. Usipopunguza, inarefuka, inakuwa upara katikati. Lakini kata sehemu laini yenye majani tu. Ukikata mpaka kwenye mti wa kahawia, haichipui tena."

Effie alikata mmoja. Akasita. Hapa ni laini, au ni mti? Akakata wa pili, ukapinda upande kama kofia iliyokaliwa.

"Lete hapa," Torquil alisema. Alikuwa ameinuka kitini. "Unamkata kondoo masikio. Manyoya yanakatwa juu ya ngozi, hayakatwi na ngozi."

Akapiga goti moja, taratibu, huku ameshika fimbo. Akachukua mkasi. Mikono yake ilizunguka mche mara tatu, nao ukabaki mviringo, laini, bila jeraha. Ishbel alisogea kuona vizuri. Miaka yote ya kitaluni hakuwahi kuona mkono mwepesi namna ile.

"Mzee," alisema, "kwangu nina kumi na nane."

"Kesho," Torquil alisema.

Jioni Effie alijipa moyo. "Ulisema Aprili unaondoka."

"Wiki hii haiwezekani," Torquil alijibu bila kumtazama. "Nina kazi kwa Ishbel."

Wiki iliyofuata alisema lazima aangalie kama vyungu havijajaa maji. Wiki iliyofuata tena, mama mmoja wa nyumba ya tatu aliomba msaada, kwa sababu heda yake imegeuka manjano. Torquil alienda na chupa ya siki mfukoni. Hapakuwa mbali, lakini sasa alikuwa amelipita geti. Mwezi wa Juni daktari aliukunja mguu wake, akaukunjua, akauliza anafanya mazoezi gani.

"Sifanyi mazoezi," Torquil alisema. "Ninafanya kazi."

Agosti, vyungu vitano viligeuka zambarau mbele ya mlango. Nyuki walikuja, si maelfu, lakini walitosha. Effie alipika uji, akaita, akasikia kimya. Akatoka nje. Torquil alikuwa amesimama kati ya vyungu bila kofia, anasikiliza.

Effie akamletea bakuli pale pale, naye akala amesimama.

Januari iliyofuata theluji ilikuwa nzito, ilifika vifundoni. Effie aliamka akakuta kitanda kitupu upande wa pili. Akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akafungua mlango haraka.

Heda tisa zilikuwa zimechanua waridi, zimetokeza vichwa juu ya theluji. Njia mbele yake ilikuwa imefagiliwa safi. Haikufagiliwa kwao tu. Ilikuwa imefagiliwa kupita nyumba ya tano, ya nne, ya tatu. Torquil alikuwa mbele ya nyumba ya pili na ufagio wa fito, uso mwekundu kwa baridi.

"Unafanya nini?" Effie aliita.

"Watu watapita kuziangalia," Torquil alisema. "Wasimame wapi?"