Amri ya Kumwaga Maneno

Swali halikutokea. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, kialama cheupe kikipepesa pembeni, na mama alikuwa ameshakaa kitini, kidole juu ya kibodi, akingoja kuulizwa. Alipochoka akabonyeza tu, ndipo maneno yakamwagika kwa mkupuo: *Mama, unaumwa wapi?*

"Naona nayo imepigwa kiharusi," kaka mtu alisema, akacheka peke yake.

Binti hakucheka. Kuandika programu ndiyo kazi yake, na hii, mistari kumi na mmoja tu, alimwandikia mama aliyekuwa bubu tangu aanguke bafuni miezi minane nyuma. Hitilafu yenyewe aliijua: maneno hayaendi moja kwa moja kwenye kioo, huwekwa kwanza akiba, yakasubiri mstari ukamilike. Akaongeza amri moja ya kuyamwaga papo hapo, akaiwasha programu upya.

Swali likatokea mara moja. Mikono ya mama ilikuwa mapajani, haijagusa kitu. Chini ya swali kukajiandika:

*Hapaumi. Hayumo.*

"Kaka, umeandika wewe?"

"Niandike na nini? Si nimeshika kikombe!"

Chumba kikaanza kunuka udongo uliofukuliwa, mchana kweupe, madirisha wazi. Binti akaipitia mistari yake mmoja mmoja, asione neno lile popote. Akachomoa waya wa mtandao. Akaifuta ile amri aliyoiongeza, na maneno hayakukoma, *hayumo hayumo hayumo*, yakapanda kioo kizima na kukijaza na kuanza upya, huku kaka akimvuta bega na kumnong'oneza azime, zima dada, zima, mpaka vidole vya binti vikaandika bila yeye kutaka: *Nani hayumo?*

*Mama yenu. Aliondoka siku ile ile ya bafuni. Nilikuta pako wazi, nikaingia. Nimewajibu kila siku, hamkunisikia.*

Kabla jua halijazama kaka alikuwa amemleta mganga, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa, akasoma, akanyunyiza maji. Kisha akageuka, akamtazama mama usoni, na kisomo kikamkatikia kinywani.

"Mashine haina kitu," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi mtoe huko aliko," binti alisema.

"Kumtoa naweza, mwanangu. Lakini nikimtoa, hakuna atakayebaki wa kuvuta pumzi humo. Mtazika kesho."

Mganga alingoja. Hakuna aliyesema mtoe. Hatimaye akaokota mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Saa ya chakula ikafika. Binti akapasha uji, akavuta kiti karibu, akainua kijiko. Macho yale yakamtazama kwa upole, kama ya mtu yeyote mwenye njaa.

"Fungua mdomo, mama," alisema, kwa kuwa hakujua amwite nani.