Majoho ya Wageni wa Kike

Ilikuwa Alhamisi, mwezi Novemba, saa tisa na robo alasiri. Joto lilikuwa limeikaba Sandton, jijini Johannesburg, tangu asubuhi na mawingu ya mvua ya mawe yalikuwa yakijikusanya upande wa Randburg, Jocelyne aliposikia mtu akitembea na mitalawanda ndani ya chumba chake cha kushonea. Ko. Ko. Ko. Akageuka. Hapakuwa na mtu, na sakafu ilikuwa na zulia nene ambalo viatu vya mti visingeweza kulia juu yake.

Chumba hicho kilikuwa chini kabisa ya hoteli mpya ya Kijapani, yenye kuta za karatasi na mabeseni ya mwerezi katikati ya vioo na chuma. Jocelyne, fundi cherehani kutoka Bukavu, alipewa kazi ya kushona yukata, majoho mepesi ya pamba ambayo wageni huvaa wakitoka kuoga. Alikuwa akimpima binti yake, Héritière, mhudumu wa vyumba hapohapo, joho la mwisho.

"Simama vizuri. Uko unajipinda sawa bibi kizee."

"Eish, mama, fanya haraka. Supavaiza akinikuta huku, nimekwisha."

Jocelyne akafunga kamba za ndani, kisha za nje. Héritière akacheka, na kicheko kikakatika.

"Mama, umekaza sana."

"Sijakaza hata kidogo."

Hapo ikaja harufu ya jivu lililonyeshewa. Midomo ya Héritière ikageuka rangi, na kila alipotoa pumzi joho lilijivuta na kumbana mahali ile pumzi ilipokuwa, lisiachie tena. Jocelyne akavuta fundo, halikulegea. Akapiga ukelele.

Aliyeingia mbio alikuwa Bakiri, dobi mkuu, mtu wa Tanga ambaye marehemu mama yake alikuwa mpunga majini. Alitazama mara moja tu, akafunga mlango.

"Bi Jocelyne, usimwite kwa jina," akanong'ona. Akapiga magoti, akasoma Bismillahi. "Wewe uliyempanda, nani wewe? Unataka nini?"

Héritière alikulia Johannesburg, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Sauti iliyomtoka ilikuwa kavu na Kiswahili chake hakikuwa na doa.

"Sikuvamia. Nimeitwa. Kule nilikotoka, walio hai hufunga joho upande wa kushoto ukiwa juu. Anayefungwa kulia juu ni maiti, nami ndimi nichukuaye maiti. Huyu amevikwa na mama yake mwenyewe."

Jocelyne akalitazama lile fundo alilolifunga. Joho la mfano lililoletwa kutoka Japani kweli lilifungwa kushoto juu, naye siku lilipofika alicheka peke yake, akasema wamemletea la mwanamume. Kwa maana kila fundi wa Bukavu anajua kwamba blauzi ya mwanamke hufungwa kulia juu. Akawasahihishia Wajapani. Akahamisha kamba za majoho yote ya wanawake, akazishonea kwa ndani ili joho lisiweze kufungika vinginevyo.

"Yesu wangu. Ni mimi."

Mvua ya mawe ikaanza kupasuka juu ya lami, taa zikazimika, na ndani ya giza lile, huku mitalawanda ikiwazunguka karibu zaidi na Bakiri akisoma kwa sauti iliyotetemeka, Jocelyne alipapasa mezani mpaka akapata mkasi, akaupitisha chini ya kamba iliyokuwa imezama katika nyama ya mwanawe, akakata, akakata tena, akaufunua upande wa kulia uliokuwa mzito kama mlango wa chuma, akaulaza chini, akauleta wa kushoto juu yake na kuushikilia kwa viganja vyote viwili.

Héritière akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Ko. Ko. Ko. Mitalawanda ikatoka mlangoni, ikaanza kupanda ngazi.

"Inakwenda wapi?" akauliza Bakiri. "Tumeshamfungua!"

Juu ya vichwa vyao mabomba yakaanza kuunguruma. Wageni, waliorudishwa na mvua, walikuwa wakifungulia maji ya kuoga.

Jocelyne akamshika binti yake mabega. "Yale majoho mengine, ya wanawake. Yako wapi?"

"Kwa vyumba, mama. Niliyaweka kwa vitanda saa sita."

"Ngapi?"

Héritière akainua macho kwenye dari.

"Thelathini na moja."