Pumzi ya Nne

Umewahi kusikia gari lililozimwa likihema? Rafiki yangu Injinia amesikia. Ana degree kama mimi, ila yeye angalau ameambulia kushika spana.

Gereji yao ililetewa ambulensi inayomisi, injini ikiruka mapigo, ileile iliyozimika mlimani mama yake Injinia akiwa ndani, akafia humo humo.

"Pole, kaka," dereva alimwambia. "Niliwaambia wakubwa wa hospitali inamisi. Wakanijibu, si inatembea?"

Umeme ulikuwa umekatika, gereji giza totoro. Injinia akawasha injini, akaanza kuchomoa na kurudisha waya za plagi moja moja huku akisikiliza. Kwa zile tatu za kwanza, injini ilitetemeka zaidi. Alipochomoa ya nne, mngurumo haukubadilika hata kidogo: silinda hiyo ilikuwa imekufa. Akafunga plagi mpya, injini ikatulia tuli. Akalia. Plagi moja tu!

Akazima, akatoa ufunguo. Nyuma, kwenye machela tupu, mtu akaendelea kuhema: pumzi tatu, ya nne haipo. Pumzi tatu, ya nne haipo.

"Mama?"

Wakubwa, gari lenu limepona. Njooni mfungue wenyewe huo mlango wa nyuma, na sorry zenu mkamwambie yeye.