Mfarishi Uliochakarisha

Basi la kwenda Leicester lilikuwa limekwisha toka kituo cha Digbeth, linapinda kona ya kwanza, Bi Jyoti alipopiga ukelele uliomfanya dereva akanyage breki na abiria wagongane vichwa.

"Huu si wangu! Nimeibiwa!"

Mapajani mwake furushi lilikuwa wazi, na ndani yake mfarishi, tandiko nene la viraka. Pritam Singh, rafiki wa familia aliyewahi kuwa inspekta wa polisi Kisumu kabla ya kuhamia Handsworth, aliinama kutoka kiti cha nyuma. Viraka vilikuwa na nakshi zile zile alizozoea kuziona. Cha katikati tu ndicho kilikuwa kigeni: kitambaa cha maua, kama pazia.

"Umejuaje, dada, na macho yako yana ukungu?"

"Vidole vyangu havina ukungu, Pritam-bhai. Tena sikiliza." Akaukunja. Ukachakarisha kama mfuko wa sukari.

Hilo halikuwa jambo dogo. Siku ile walikuwa wanakwenda kukamilisha posa ya Rajni, mjukuu wake. Kwao ilikuwa desturi: mwanamke mkubwa huutandaza mfarishi mbele ya wakwe, akataja kiraka kimoja kimoja. Hiki kilikatwa kwenye sari ya fulani wa Jamnagar, hiki cha fulani aliyefia Zanzibar. Msichana asiye na mfarishi ni kama hana mama zake.

Wakashuka. Kufika saa tano walikuwa nyumbani, hatua chache kutoka Soho Road. Jayantilal, mwana wa Bi Jyoti na baba yake Rajni, aliyekuwa nao basini, mwenye duka la misumari na rangi kule Northfield, hakuvua hata koti. Alimwendea Truphosa, mpangaji wao kutoka Kakamega, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuwa bado na sare ya zamu.

"Furushi alilifunga nani jana jioni? Si wewe? Naita polisi!"

Truphosa akaketi bila kukaribishwa. "Mzee Pritam, nikipelekwa polisi tu, chuo wananifukuza. Narudishwa nyumbani kama mwizi."

"Umehamia hapa lini, binti?"

"Jumapili iliyopita. Jana Mama alinipa mfarishi kutoka kabatini, nikaufunga. Nikasikia unapiga kelele, nikadhani ya Wahindi yote iko hivyo."

Mahali pengine wangecheka.

"Kushona huu ni kazi ya miezi," Pritam alisema. "Aliyeuagiza alikuwa na ule wa zamani wa kuigizia, wakati binti huyu hajaijua hata nyumba hii. Mwache."

Akatoa kisu kidogo, akafumua mshono mmoja. Ndani, kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kipande cha karatasi ngumu. "Mama zetu hulaza sari kuukuu moja juu ya nyingine, wakapiga bandi, mishono mirefu ya mkono. Hawatii karatasi. Huu umeshonwa na mkono wa Kiingereza."

Rajni akaangua kilio. "Uncle, ndivyo tunavyofundishwa darasa la jioni!"

Bi Jyoti aliuondoa mkono wake begani mwa mjukuu. "Wewe, Rajni?"

"Si mimi, Ba! Mimi hata kona moja sijaiweza. Anayeweza ni mwalimu wetu, Bi Hadley."

Pritam akageuka. "Jayantilal, unamfahamu?"

"Mimi? Hilo darasa lenyewe silijui liko mtaa gani."

"Basi twende tukamwulize sasa hivi."

"Ah, Inspekta! Tukamsumbue mjane wa watu kwa ajili ya matambara?"

Pritam alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti. Akasimama hivyo hivyo. "Nani kakuambia ni mjane?"

"Rajni."

"Baba, mimi mwenyewe sikujua."

Jayantilal aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamlipukia mama yake.

"Ungekitaja! Kile cha katikati, cha kanga, ungekitaja mbele ya wakwe!"

"Ni cha bibi yangu Mejumaa wa Mombasa, aliyemzaa mama yangu," Bi Jyoti alisema. "Kimeandikwa *Usinifiche, mimi ni wako*. Kwa nini nisikitaje?"

"Wangesema tuna damu ya Kiafrika! Posa ingekufa pale pale!" Aliyasema hayo Truphosa yuko mbele yake. "Nilijua macho yako hayataona. Na ukigundua mbele ya wageni, utanyamaza kwa aibu."

"Wa zamani uko wapi?" Pritam aliuliza.

"Nimeuchoma. Uani mwa duka."

Rajni alimshika bibi yake mkono. Sauti ya Bi Jyoti ilikuwa ndogo.

"Umemchoma bibi yangu."

Bi Hadley alithibitisha yote jioni ile. Aliambiwa ni zawadi ya mama, na kwamba katikati atie chochote. Hakushtakiwa mtu, Bi Jyoti alikataa. Wiki iliyofuata alikwenda Leicester na Rajni, akawaeleza wakwe kila kitu. Wakajibu kwamba Mejumaa si neno, ila hawaoani na nyumba inayochoma wazee wake. Posa ikavunjika. Rajni akawa mwalimu Wolverhampton, akamchukua bibi yake akakae naye. Truphosa alifaulu mtihani, akarudi Kakamega mwaka 1976. Pritam alifariki baridi ya mwaka 1978. Jayantilal aliuza duka, akahamia Canada. Bi Jyoti aliishi miaka mitano baada ya siku ile, na hakumsemesha tena mwanawe.