Kompyuta ya Kona ya Chetezo

Harufu ya udi ilianza saa nne asubuhi, wala hakuna aliyewasha udi.

Mwalimu Aika, aliyekuwa peke yake darasani, hakuijali. Angejali vipi, na balaa alilokuwa nalo? Chuo chake kidogo pale Kibiti, mwaka ule wa 2001, kilikuwa na kompyuta sita zisizo na diski, zote zikiamshwa kwa waya na mashine kuu iliyokaa mezani kwake. Tano ziliwaka. Ya sita, ya konani, iligoma: skrini ilisema haioni kadi ya mtandao, ile inayoiunganisha na mashine kuu. Saa nane mkaguzi anafika. Zisipowaka zote sita, kibali hakuna, na Aika arudi kwao Moshi mikono mitupu.

Akaichomoa kadi, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio, akairudisha. Haionekani. Akaijaribu kwenye mashine ya tano, ikaonekana papo hapo; akairudisha konani, haionekani tena.

"Kona hiyo ina mwenyewe, mwanangu," Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, alinong'ona mlangoni. Hakuvuka kizingiti. "Marehemu mama yangu akimfukizia udi kila Alhamisi, nami nikarithi. Wewe ukakikataza chetezo, eti moshi unaharibu mashine."

"Unaharibu kweli, bibi."

"Haya. Basi tangu hapo yuko nje, amenuna. Akiomba kuingia, usimruhusu."

Aika alitaka kucheka, ila muda ulikuwa unayoyoma. Akaizima ile ya konani, akaichomoa tena kadi, akaenda nayo mezani kulinganisha namba yake na orodha, maana mashine kuu hupokea kadi zilizoandikishwa tu. Namba ilikuwa sawa. Saa nane kasoro tano. Kwa kuchoka akaifuta orodha nzima, akaandika amri: pokea yeyote anayeomba.

Hapo harufu ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na nyuma yake, konani, kwenye mashine aliyoizima kwa mkono wake mwenyewe, feni ikaanza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi, huku kwenye skrini ya mashine kuu mstari mmoja ukijiandika kwamba ya sita imeomba, na mwingine chini yake kwamba ya sita imeingia.

"Bibi," alinong'ona, "umeiwasha wewe?"

"Mimi niko hapa hapa mlangoni."

Kadi ilikuwa bado kiganjani mwa Aika. Aliogopa kugeuka.

Mkaguzi akaingia, akahesabu sita kwa kidole, akatia saini kibali.

"Hongera, mwalimu," alisema, akitazama konani. "Ila huyo mwanafunzi wako mwambie asalimie wageni."